Kosa la Verlyn Lililovuka Mto

Verlyn Skaar ni mtoto wa marehemu kaka yangu, na nimemlea tangu ana miaka sita. Kwa miaka mitano aliendesha lori la maziwa huku kwetu Wisconsin, na hakuna mfugaji aliyewahi kumwaga maziwa kwa sababu Verlyn kachelewa. Lile lori ndilo lililomfanya awe mtu.

Machi hii askari alimsimamisha akitoka baa na gari lake dogo. Akapulizishwa kipimo, akakutwa amelewa. Jimboni kwetu kosa la kwanza halina jela, ni faini. Bosi wake akamwambia: ikiwa ni la kwanza, utaosha matangi mwaka mmoja, kisha lori lako utarudishiwa; likiwa la pili, usirudi hapa.

Ijumaa, baani, kwenye mlo wetu wa kila wiki wa samaki wa kukaanga, wanaume wakamlaki kama bwana harusi.

"Karibu kwenye chama chetu cha waliopulizishwa, Verlyn!"

"Mwacheni jamani, tumbo lake limezoea maziwa!"

Naye akacheka. Akacheka kupita kiasi, mpaka nikaweka uma chini.

Niliishia darasa la nane, lakini kichwa changu hakipotezi kitu. Miaka minane iliyopita, tukivuna maboga, Verlyn alirudi kutoka jimbo la Iowa, ng'ambo ya mto, bila gari. Alisema injini imekufa. Baada ya wiki mbili gari likarudi likinguruma, wala hakuna fundi aliyeligusa.

Nilimuuliza tukirudi nyumbani, usukani nikiwa nimeushika mimi.

"Iowa walikukamata?"

"Shangazi, mpaka leo unakumbuka maboga?"

"Nijibu."

"Haya, walinikamata. Lakini ile ni Iowa! Wa huku watajulia wapi? Jumanne naingia mahakamani, nakiri, nalipa, natoka."

"Tafuta wakili kwanza."

"Wakili kwa kosa la kwanza? Baa nzima itanicheka!"

Basi Jumanne aliingia peke yake, mimi nikakaa benchi la nyuma. Kabla hajakiri, mwendesha mashtaka akasimama na karatasi moja.

"Mheshimiwa, hili si la kwanza. Kuna hukumu ya Iowa. Majimbo yetu yanapelekeana kumbukumbu, na hiyo inahesabika hapa. Tunabadilisha shtaka kuwa kosa la pili."

Verlyn hakumtazama mwendesha mashtaka. Aligeuka akanitazama mimi.

Kwenye korido akanisogelea. "Umewaambia."

"Mimi?"

"Nani mwingine alikuwa anajua?"

"Ningetaka kukuchongea, ningekuhimiza utafute wakili?"

"Nipe simu yako, Shangazi."

Nikampa. Kijana niliyekuwa nikimfungia viatu utotoni akasimama pale mbele za watu, akipekua namba moja baada ya nyingine: mchungaji, daktari wa macho, dada yangu, mchungaji tena. Lori lilishamtoka mikononi, nami nilimwonea huruma, ila sikuinamisha kichwa.

Hakukuta kitu. Akanirudishia.

"Una simu nyingine?" akauliza.