Wimbo wa Misumari Mdomoni

Fundi wa makochi misumari huishika mdomoni. Mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo, sasa uiweke wapi, mfukoni ikuchome? Basi fundi wetu huyu, aliyeitwa Shemasi na mtaa mzima kwa sababu kweli alikuwa shemasi kanisani, alisali huku midomo ameifumba. Aliuvumisha puani wimbo mmoja wa zamani wa ibada, bila neno hata moja, asubuhi hadi jioni. Wateja walishamzoea: ukitaka kuuliza bei, ngoja kwanza ubeti uishe.

Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba cha mama yake. Macho ya bibi huyo yalikwisha kufa, masikio nayo yalikuwa njiani, lakini mvumo wa mwanawe aliusikia. Mlango wa kati haukufungwa kamwe. Mwana akianza, mama hufuata taratibu kutoka kitandani, na siku inakwenda.

Ndipo akatokea mwanamuziki mmoja. Binti wa watu alitoa video ya wimbo wake, amevaa joho la kwaya, anakata kiuno kwenye ngazi za madhabahu. Loo! Watu wakashikana mashati. Hawa wakasema dini imetukanwa, wale wakasema waacheni vijana na sanaa yao. Shemasi ilimwingia moyoni hasa, maana mito ya kupigia magoti kanisani kwake aliishona yeye mwenyewe. Akaingia vitani, na uwanja wa vita ulikuwa simu yake.

Tusifichane, alikuwa na ulimi. Aliandika kwamba atakayeuimba wimbo ule wa binti, hata kwa mzaha, ameikana imani. Watu wakampongeza, wakamwita Jemadari, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Simu ikahamia kwenye mkono wa kochi, mbele ya macho yake. Kila akibishiwa alikifungua tena kile kipande cha video, atafute ushahidi. "Lazima umjue adui," alisema. Alimjua mpaka akapitiliza. Mteja mmoja alikuja kuchukua kochi lake, akainamisha shingo kulitazama.

"Fundi, haya maua mbona yameota kichwa chini?"

"Samahani ndugu yangu. Shetani ana kazi nyingi siku hizi."

"Na wewe unamsaidia kwa kitambaa changu?"

Alicheka kidogo, lakini hakuwa na raha. Tangu vita vianze alikuwa amemtetea Mungu kila siku, na hakuwa amezungumza naye. Alimkosa. Alimkosa kama unavyomkosa ndugu aliyehama bila ninyi kugombana, ukapita nyumbani kwake ukakuta pazia hakuna. Akipiga magoti, kinachomjia ni majibu ya kumpa fulani.

Mchana mmoja umeme ulikatika tangu asubuhi, na simu ikazima. Karakana ikanyamaza. Shemasi akafurahi kimoyomoyo, akatia misumari mdomoni, akafumba macho, akaanza kuvumisha. Alifika katikati ya ubeti ndipo akashtuka. Ulikuwa wimbo wa yule binti! Akaitema misumari yote sakafuni. Akajaribu tena, ukaja uleule. Ule wa zamani aliusaka kichwani asiuone, na machozi yakamlenga, mtu mzima na ndevu zake.

Akiwa bado ameinama, akasikia sauti chumbani. Mama alikuwa ameupokea wimbo. Mahadhi ya wimbo wa binti yaleyale, na maneno mengine kabisa: "Baba, mwangalie fundi wangu. Baba, usimwache fundi wangu."

Akaenda akasimama mlangoni. "Mama, huo wimbo umeutoa wapi?"

"Si wako? Kutwa unaurudia. Nikajua kanisa limeleta wimbo mpya. Maneno yake siyashiki, masikio yenyewe ndiyo haya, basi nikatia ya kwangu." Akageuzia sikio mlangoni. "Kwani vipi? Nimekosea?"

Alikumbuka alichoandika, kwamba atakayeuimba ameikana imani. Akakaa pembeni ya kitanda, akaushika ule mkono mkavu.

"Hujakosea, mama. Nimekosea mimi."

"Mimi huu nauimba kwa kuwa ndio ulionipa," mama akasema. "Lakini ule wetu uliupeleka wapi, mwanangu? Nimeungoja mpaka nimechoka."

"Nimeupoteza, mama. Nianzishie wewe."

"Niuanzishe wapi? Mimi nilikuwa nakufuata tu. Anza wewe."

Akarudi karakanani, akaokota misumari, akaifuta kwa shati, akaitia mdomoni. Umeme ukarudi. Simu, iliyokuwa imechomekwa chaji, ikawaka kwenye mkono wa kochi na ujumbe ukamiminika: Jemadari uko wapi, Jemadari wametushinda huku. Akainyanyua, akaizima, akaifukia chini kabisa ya gunia la sponji.

Wimbo wa binti ukamjia tena, naye akaubana. Kisha hapakuja kitu. Akafumba midomo juu ya misumari, nyundo ameiweka chini, akausubiri ule wa zamani. Chumbani, mama alikuwa ameketi akisubiri amsikie.