Bibi Hakuwa Mchoyo

Mdogo wangu yuko Dar es Salaam, anatunga tamthilia ya vichekesho kuhusu utoto wetu Ujiji. Siku ya kwanza ilipoonyeshwa runingani nilikaanga migebuka, samaki wa ziwa letu, nikawaita wanangu, nikamwalika na jirani yetu wa zamani wa mtaa wa Kasingirima, mama mjane ambaye naye alitulea. Nilitaka tucheke pamoja.

Bibi akatokea. Mwigizaji alikuwa amejazwa mito kiunoni, anasalimia "Mwakeye" kwa sauti ya kukwaruza, kisha anasukuma kikapu cha dagaa uvunguni ili wajukuu wasile. Kwenye runinga watu wakaangua kicheko. Jirani akaweka kikombe chini, akajitanda khanga yake, akaaga. Chai hakuimaliza.

Wewe hukumjua bibi, acha nikueleze. Alfajiri alikuwa ufukweni anatandaza dagaa mchangani, na akirudi nyumba nzima inanuka mawese na muhogo uliovundikwa. Alikuwa akisema mtoto wa jirani akilia njaa, ugali wako haushuki. Mwaka ule mume wa jirani alipozama ziwani, mvua haikukatika na dagaa wengi walioza. Wachache waliokauka bibi aliwaficha uvunguni, ni kweli, na alitufukuza na mwiko. Jioni aliwapeleka kwa mjane na wanawe. Sisi tulikula ugali kwa kisamvu kisicho na kitu, naye akala ukoko. Mdogo wangu alikuwepo, aliyaona hayo kama nilivyoyaona mimi.

Nilimpigia simu.

"Dada, hivyo ni vichekesho tu," alisema. "Watu wanampenda sana bibi."

"Wanampenda bibi gani?"

Akanijibu kwamba habari ya mjane inahuzunisha, haichekeshi. Nikamwambia aje Kasingirima amwambie mwenyewe. Akasema ana kazi nyingi. Nikamkatia simu, na mpaka leo sijapokea yake.

Bibi tulimzika. Nyumba ilibomolewa, na pale alipoanikia dagaa mtu amejenga ukuta hadi majini. Hayo yote nilikuwa nimeyameza. Lakini jana nilimkuta binti yangu uani, ameinamisha mgongo, anakwaruza sauti, wenzake hoi kwa kicheko. Nikamuuliza anamwiga nani.

"Bibi yako, mama," akasema. "Yule mchoyo."