Fedha Chini ya Boti

Kitu cha kwanza utakachokiona kwa Fedha ni shingo. Hata akisimama wima mbele yako, hurudisha kichwa nyuma kidogo, kana kwamba uso wako umening'inia darini. Ndivyo miaka ya kulala chali chini ya boti ilivyomzoesha. Jina la Fedha alipewa karakanani, kwa sababu ya vumbi la alumini lililoganda kwenye nyusi zake. Sabuni imeshanyoosha mikono.

Boti anazozihudumia ni zile bapa za abiria, zinazoelea juu ya maboya mawili marefu ya alumini. Zikipandishwa juu ya magogo, yeye hujipenyeza kati ya maboya, mahali ambapo hata kugeuka ubavu ni kazi. Hukwangua ukoga, hupiga msasa mpaka alumini ing'ae, kisha hupaka rangi ya msingi papo hapo. Alumini iliyosuguliwa ikiachwa wazi hujifunika utando usioonekana, na rangi ya juu yake hubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Ukishaanza kusugua, umefungwa mpaka umalize kupaka.

Mwenye karakana ni shemeji yake, mume wa dada yake, na chumba anacholala Fedha kiko nyumbani kwao. Kila alipomwambia kwamba anataka kuendesha boti badala ya kuzipaka, shemeji alicheka.

"Sasa ukishika usukani, nani ataingia humo chini? Mimi na tumbo hili?"

"Lipunguze, shemeji."

"Nikilipunguza, dada yako atasema nakula kwingine!"

Mafundi waliangua kicheko, naye akarudi chini. Aliyecheka ndiye aliyemlaza na kumlisha.

Hata hivyo alijifunza. Kila boti iliporudishwa majini kwa majaribio, aliomba usukani, na mkono wake ukawa mwepesi. Ndipo kampuni ya vivuko ikatangaza kwamba mkaguzi angepita siku moja tu na boti yake, apige honi kwenye gati lililo karibu na karakana na kuwapima wanaotaka unahodha. Asiyekuwepo gatini angesubiri msimu mwingine.

"Nenda, nani kakukataza?" shemeji alimwambia asubuhi ya siku hiyo. "Nimalizie boya moja tu kwanza."

Fedha alilisugua boya hilo, akalipaka, akatoka huku akijipangusa. Akamkuta shemeji upande wa pili, ameshika mashine ya msasa aliyoifunga kwenye mpini mrefu, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha. Boya la pili lote lilikuwa linang'aa, tupu kama kioo.

"Nimekusaidia! Limebaki kupaka tu."

Fedha alihisi boti nzima imemlalia kifuani. Akiondoka, boya litaharibika, na lawama zitamngoja nyumbani mezani. Akibaki, honi italia na kunyamaza. Akachukua brashi, akaingia chini tena.

Dada yake alifika na birika la chai, akainama.

"Mdogo wangu, si leo ndiyo siku yako?"

"Mumeo kanisaidia, dada," alijibu.

Dada aliliangalia boya, akamwangalia mumewe. Akatua birika, akajifunga kanga kiunoni, akachukua brashi, akalala chali kando ya mdogo wake. Alikuwa hajawahi kuingia humo. Tone la rangi likamwangukia shavuni.

"Kumbe ndiyo maana shingo yako iko hivi," alisema taratibu. Kisha akapaza sauti: "Baba watoto! Chukua brashi uingie!"

"Mimi? Nitakwama!"

"Ukikwama tutakupaka na wewe. Ingia!"

Aliingia kwa kishindo, akihema na kulalamika kwamba gogo linamchoma mgongo. Fedha alimwelekeza asirudie palipokwisha kupakwa. Brashi tatu zikakimbizana, na sehemu iliyo wazi ikazidi kufupika kuelekea nyuma ya boti.

"Mkaguzi akifika, tuachie sisi," dada akamwambia. "Wewe kimbia."

Shemeji alichovya brashi, akaongeza kasi.

Fedha aliendelea kupaka. Lakini safari hii kichwa chake kilikuwa kimegeukia pembeni, sikio limeelekea gatini, likiingoja honi.