Siku Mbili za Kuonyeshwa Mwanza

Pamba iliyoshindiliwa kwenye marobota ina harufu yake. Ina vumbi, ina mafuta ya mbegu, na ukikaa nayo sana inakuwasha koo. Mwaka juzi nilipita karibu na ghala moja pale Kahama, lori likipakuliwa, harufu ile ikaniingia puani nikasimama kama mtu aliyeitwa jina. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka tu nilivyotembezwa Mwanza nikiwa na miaka minane, na jinsi nilivyoogopa. Akacheka. Mtu anaogopaje matembezi?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulikuwa tunakaa Nyarugusu, baba akifanya kazi chini ya ardhi kwenye mgodi mmoja wa wazungu. Siku moja baruti ikalipuka kabla ya wakati wake. Karani wa mgodi alikuja nyumbani akiwa ameshika kofia mkononi, akamwambia mama kwamba mumewe ameumia na amepelekwa hospitali Mwanza.

"Ameumia wapi?" mama akauliza.

Karani akasema yeye ameambiwa hivyo tu, kwamba ameumia.

Miezi minne ikapita bila barua wala salamu. Mama alilima, akavuna karanga, na kila lori likisikika aliacha jembe akaenda kusimama barabarani. Mwishowe alimtuma dereva mmoja ampelekee shangazi ujumbe kwamba tunakuja. Akajaza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye kikapu, kwa sababu baba aliipenda kuliko chakula kingine, tukapanda juu ya magunia. Tulivushwa kwa pantoni, mama akiwa amenishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Alikuwa haogopi maji. Alikuwa anaogopa ng'ambo.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba. Kwao aliitwa Nyamizi, lakini aliolewa na fundi cherehani Mwislamu kutoka Tabora, mzee Salumu, akawa Zainabu, akavaa kanga mbili na kuongea Kiswahili kilichonyooka. Mama Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni. Meli aliita meri, barabara aliita balabala, na mbele ya wifi yake alijikuta akinong'ona kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Shangazi alitupokea kwa vifijo. Alicheka sana, akanibeba ingawa nilikuwa mkubwa, akacheka tena. Mama hakukaa hata kwenye mkeka.

"Wifi, hospitali ni wapi? Nataka nimwone Baba Kabula."

"Jamani, mama Kabula! Leo si siku ya kuona wagonjwa," shangazi akasema. "Mpaka keshokutwa. Kwanza mpumzike, nikuonyesheni mji. Mtoto hajawahi kuona mji huyu. Na hamtalipa kitu, kutazama ni bure."

Mama alitaka kusema neno, lakini alikuwa mgeni, na hospitali alikuwa haijui ilipo.

Basi tukaonyeshwa mji. Alianza na bandari. Ndipo niliposikia harufu ile ya pamba, marobota yamepangwa gatini kama nyumba zisizo na milango, na wachukuzi wakiyasukuma kwa mabega huku wakiimba. Nyuma yao ilisimama meli nyeupe, kubwa kuliko jengo lolote nililowahi kuona. Ilipopiga honi nilijificha ndani ya kanga ya shangazi. Nikiwa humo nilisikia moyo wake. Ulikuwa unadunda kwa haraka kuliko wangu, na wakati ule sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuogopa honi.

Kutoka bandarini tukaenda stesheni. "Hii ndiyo stesheni yetu," shangazi alisema, kana kwamba amemlipa fundi yeye mwenyewe. Tukatazama garimoshi likivuta pumzi na kutema moshi, abiria wa Tabora wakipitisha kuku madirishani. Tukapita sokoni, tukatazama samaki wenye urefu kama wangu. Tukasimama nje ya duka la Mhindi kutazama vitambaa mpaka Mhindi mwenyewe akatoka kututazama sisi. Kila mahali shangazi alieleza na kueleza, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililokatika. Halafu ghafla alinyamaza, akamgeukia mama, akavuta pumzi.

"Mama Kabula..."

"Naam, wifi."

"Unaona lile paa jekundu? Lile ni la shule."

Ilitokea hivyo mara nyingi. Mtoto hana maneno, lakini anajua nyumba inapokuwa na kitu. Mkono wa shangazi niliokuwa nimeushika ulikuwa umelowa jasho ingawa upepo wa ziwa ulikuwa baridi. Na mama hakutazama kitu chochote alichoonyeshwa. Alitazama watu. Kila mwanaume aliyefungwa bandeji, kila aliyechechemea, mama alimfuata kwa macho mpaka akapotelea kwenye kona.

Jioni tulikula wali na samaki. Kabla hatujapakuliwa, shangazi alijaza bakuli moja la bati, akalifunga kwa kitambaa, na mzee Salumu akaondoka nalo. Alirudi nalo likiwa tupu. Nikadhani wana mbwa mahali. Siku ya pili mchana bakuli likajazwa tena, na mara hii mzee Salumu alisimama mlangoni, mpole kama kawaida yake, akasema kwa sauti ndogo, "Zainabu, inatosha sasa." Shangazi akamjibu, "Nenda." Akaenda.

Nilimwona mama akilitazama lile bakuli mpaka likatoka nje.

Mchana huo tulipelekwa kutazama mawe yaliyosimama majini, yamepandana moja juu ya jingine kama yamepangwa na mtu mwenye mzaha. Shangazi akaanza kueleza kwamba watu hutoka mbali kuja kuyaona. Mama alikuwa nyuma yetu. Alisimama. Akaongea, na kwa mara ya kwanza tangu tufike hakunong'ona.

"Wifi. Mawe hata kwetu yapo. Mimi sikuja kuona mawe. Lile bakuli ni chakula cha nani?"

Shangazi alikaa chini, pale pale juu ya mwamba, kanga zake nzuri zikigusa vumbi, akajifunika uso. Nilianza kulia kwa sababu sikuwahi kumwona mtu mzima akikaa chini namna ile isipokuwa msibani.

"Amekufa?" mama akauliza.

Ziwa lilikuwa likipiga mawe. Niliziba masikio.

"Hapana," shangazi akasema. "Hajafa. Nyanyuka twende." Lakini aliyekuwa chini ni yeye, na mama ndiye aliyemnyanyua.

Tulitembea hadi mtaa wa Kirumba, hakuna aliyeeleza kitu njiani. Uani mwa nyumba ya rafiki yake mzee Salumu kulikuwa na chumba kimoja, mlango wazi. Baba alikuwa amekaa juu ya kigoda, uso wake umeelekea ukutani. Alisikia nyayo zetu, akageuza kichwa, na nikaona ngozi ya usoni mwake ina madoa meusi kama iliyonyunyiziwa baruti, na macho yake yamefumba kwa namna ambayo macho ya mtu aliyelala hayafumbi.

"Dada," akasema. "Nilikwambia nini?"

"Nimeshindwa," shangazi akajibu.

Baba akajigeuza tena ukutani. Mama hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono, akaitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Nani amekuachia kucha zikawa hivi?" Akamwomba shangazi wembe. Akaanza kumkata kucha, kidole kimoja baada ya kingine, na baba, mwanaume aliyekuwa akibeba magogo peke yake, akatetemeka mabega.

Mimi nilibaki mlangoni. Niliogopa ule uso. Najisikia vibaya kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Kabula yupo?" baba akauliza.

"Nipo. Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamekutembeza?"

"Wamenitembeza."

"Basi niambie Mwanza ikoje. Mimi waliniingiza nimefungwa macho."

Nikamwambia kuhusu meli, nikiwa mbali. Akauliza ina rangi gani. Nikasogea kidogo. Akauliza garimoshi lina magurudumu makubwa kiasi gani, na kwa kuwa kunyoosha mikono yangu kusingemsaidia, ilibidi niichukue mikono yake niitanue mimi mwenyewe. Hapo woga ukaniisha, mikono ilikuwa ile ile.

Tulirudi naye Nyarugusu baada ya wiki. Aliishi miaka mingi, alijifunza kusuka kamba na vitanda, akapata watoto wengine wawili ambao hakuwahi kuwaona. Haikuwa rahisi. Kuna siku alikaa bila kusema na mtu, na kuna siku mama alikwenda kulia shambani akidhani hatumwoni.

Shangazi nilimchukia kwa miaka mingi. Niliamini alimficha baba kwa roho mbaya, akatuzungusha juani huku akicheka. Nilipokuwa nimeshaolewa nilikwenda kumwona Mwanza, mzee Salumu akiwa amefariki, na nikamuuliza wazi. Alikuwa anachambua mchele.

Aliniambia kwamba baba alikuwa ameshatoka hospitali na anakaa kwake, na siku aliposikia tunakuja, ndiye aliyetaka ahamishwe pale nyumbani. Akamwapisha dada yake amwambie mama kwamba mumewe amekufa na kuzikwa, ili mama arudi kwao, aolewe na mtu mwenye macho. Shangazi aliapa. Alikuwa amemlea baba tangu akiwa mchanga, hakujua kumkatalia.

"Nikafikiri tukifika mahali penye watu sitalia, nitasema," aliniambia. "Nikawapeleka bandarini nikashindwa. Nikasema labda stesheni. Kila mahali mama yako alikuwa akiwatazama wale wagonjwa barabarani. Ningemwambiaje amekufa, na yeye anamtafuta?"

Kumbe siku zile mbili, kuliko mimi na mama, aliyekuwa na hofu kubwa zaidi alikuwa ndiye aliyekuwa akituonyesha mji. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuwa vigumu kwa uzee. Nikauchukua ungo mapajani mwake, nikaendelea kuchambua mchele pale alipoishia.