Joto la Mokua

Mvua ya mawe ikianza kupiga mabati, huacha lolote ninalofanya nikaenda kuwashika watoto wangu miguu. Wao hucheka na kuivuta. Mume wangu, aliyezaliwa kule chini kwenye joto la ziwani, husema wazimu huu alifichwa siku alipokuja kuniposa.

Mimi najua ulikotoka. Ulitoka jikoni kwetu, karibu na Nyaramba, mwaka ule ndugu yangu Mokua alipozaliwa kabla ya wakati wake. Kwetu ni juu, kwenye mashamba ya majani chai, na baridi ya huko haina adabu, inaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Mokua alikuwa mdogo kuliko paka wetu. Muuguzi alimruhusu mama arudi naye nyumbani kwa sharti moja: mtoto akae kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, na mama akichoka mwingine ampokee.

"Huyu hana mafuta mwilini," alituambia. "Hawezi kujitengenezea joto. Mpeni lenu."

Wa kumpokea tulikuwa wachache. Magokoro, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa na kikohozi, akakatazwa kumkaribia. Baba naye alizuiwa na chinsoni, ile heshima yetu Wagusii inayowatenga wazazi na watoto katika mambo ya mwili. Mwanamume mzima havui shati mbele ya watoto wake, sembuse mbele ya mama yake mzazi. Basi nikabaki mimi, msichana wa darasa la nne, nikajiona mtu mkubwa kweli. Nilifungwa lesso, Mokua akiwa ndani, nikausikia moyo wake ukikimbia kwenye ngozi yangu.

Magokoro alijipa kazi ya kunilisha. Hakuna aliyembeba Mokua kabla ya kula. Alinisukumia ugali wa wimbi, mweusi na wa moto, na chinsaga, mboga yetu chungu iliyolazwa kwenye maziwa, kisha ndizi mbivu juu yake. Nikikunja uso alinitolea macho.

"Kula. Unadhani ni wewe ninayekupikia? Huyo hapo kifuani ndiye anayeota moto wa ugali huu."

Mimi niliona ni ujanja tu wa kunimalizishia chinsaga.

Wiki moja Mokua akaanza kunyonya kwa shida. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na sisi tulikuwa watu wa Sabato hasa. Kwetu jua la Ijumaa likizama jiko lilizimwa, na hakuna aliyegusa kuni hadi Jumamosi jioni. Ijumaa hiyo baba alitangaza kwamba nyumba nzima itafunga kwa ajili ya mtoto, isipokuwa mama. Alisema kwa sauti ndogo, akiikunja na kuikunjua kofia yake. Nilimpenda sana ndugu yangu, nikafunga kwa moyo wangu wote.

Jumamosi baba alienda kanisani. Mama alishikwa na malaria, akawa anatetemeka chini ya mablanketi hata hawezi kumshika mtoto. Nikambeba mimi, nikakaa jikoni karibu na mafiga yaliyopoa. Mchana mvua ya mawe ikashuka. Uwanja ukawa mweupe, na baridi ikapanda kutoka sakafuni. Niliomba, nikaomba tena. Kisha nikagundua kwamba meno yangu yanagongana, na kwamba miguu ya Mokua, iliyonigusa tumboni, ilikuwa baridi kama mawe yale ya nje. Hakuwa analia. Nilitamani alie.

Magokoro aliingia na gunia kichwani, mawe yakimdondoka mabegani. Alinitazama usoni.

"Umekula nini leo?"

"Tumefunga, Magokoro. Tunamfungia Mokua."

Alishika miguu ya mtoto. Alipiga magoti kwenye mafiga, akapanga kuni, akawasha moto, siku ya Sabato, katika boma la mzee wa kanisa. Nilijua baba akiuona moshi ule kutoka barabarani ataugua.

Na kweli aliuona, kwa maana alifika mbio, Biblia ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kofia ikichuruzika maji. Alisimama mlangoni.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimepika," alisema Magokoro. "Huyu msichana hana kitu tumboni, joto atalitoa wapi? Mungu hatashindwa kukusikia eti kwa sababu umeshiba. Njoo umshike mguu mwanao."

Baba akaja, akamshika. Kisha alichukua sahani yangu mikononi mwa Magokoro akala palepale amesimama, bila kubariki chakula, tonge kubwa baada ya tonge, hata akapaliwa. Alipomaliza alifungua vifungo vya shati lake jeupe. Magokoro aligeukia moto. Mimi nikaangalia chini. Nilisikia lesso yangu ikifunguliwa, na Mokua akaondoka kifuani pangu.

Mvua ilikatika, na mimi nikapewa ugali wangu.

"Mama," baba alisema hatimaye, kwa sauti ya ajabu, "ananitafuta titi."

Magokoro alicheka hadi kikohozi kikamkunja.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa biolojia alitueleza kwamba chakula huungana na oksijeni ndani ya seli, kikaungua polepole bila moshi wala mwali, na kwamba sehemu ya nguvu ile hutoka kuwa joto. Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa nikimwona Magokoro na chinsaga yake, na Mokua, ambaye siku hizi huinama akiingia mlangoni, akiota moto ndani ya lesso.

Lakini kuna jambo ambalo halikuwa kwenye somo lile. Kwa miaka mingi, kila tulipokutana nyumbani, niliwachekesha watu kwa kusimulia jinsi mzee wa kanisa alivyotufungisha sisi sote, kisha akashindwa na njaa yeye mwenyewe, akala hadi akapaliwa. Baba alicheka pamoja nasi, wala hakunisahihisha hata mara moja. Nilikuwa nimeshampata mtoto wangu wa kwanza, naye akaugua, nikawekewa chakula nisiweze kukimeza, ndipo nilipojua kwamba siku ile baba hakuwa na njaa hata kidogo.