Rimu ya Nne

Shule niliacha darasa la pili, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Kazi ya rimu nilijifunzia kwenye malori ya bandari ya Bujumbura, na nilipofika Stockholm mikono hii ndiyo iliyonilisha. Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa na gereji yangu Sundbyberg, ya magari ya kale tu. Wazungu waliniletea magari yaliyonizidi umri.

Rimu naitambua hivi. Naining'iniza kwenye nondo, naigonga kwa spana, nasikiliza. Yenye ufa hulia kama sufuria mbovu. Halafu natoa kamba yangu yenye mafundo, napima toka tundu moja la bolti hadi jingine. Nyingi zina namba iliyogongwa karibu na tundu la valvu, lakini mimi namba zile sikuzihitaji. Ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Mzee mmoja Mswidi alikuwa na gari aliloachiwa na baba yake. Rimu tatu zilikuwa nzima, ya nne, ya nyuma kushoto, imeliwa na kutu. Naye mwenyewe alikuwa akiliwa na kansa, na madaktari hawakumficha. Alitaka kitu kimoja: Jumapili apelekwe na gari lile kwenye kaburi la mke wake, akiwa amekaa kiti cha mbele. Alinipa karatasi yenye namba ya rimu inayotakiwa.

"Hiyo hapo, mästare," akasema. Kwao mästare ni fundi mkuu.

"Nimesahau miwani," nikajibu, nikaitia karatasi mfukoni.

Ijumaa nikaenda ghala moja la vyuma vikuukuu huko Upplands Väsby. Nikagonga, nikapima kwa kamba, nikapata. Jioni nikaifunga, na yule mzee akanishika bega. Nilivimba kichwa.

Jumamosi nikalijaribu gari peke yangu. Mtaa wa pili tu: tik, tik, tik, nyuma kushoto. Nikashuka. Nati moja niliifungua kwa vidole vitupu. Hapo ndipo nilipoona. Nati za gari lile zina mdomo wa mviringo kama yai, na matundu ya rimu niliyoleta yalichongwa kwa nati zenye ncha. Spana ilikuwa imekaza, lakini nati zilishika ukingo tu. Kamba yangu hupima umbali, umbo la tundu hailijui. Kidole gumba kingeniambia, ila nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Nikaenda kwake kumwambia rimu si yenyewe.

"Nani atajua?" akasema. "Ni mwendo wa dakika kumi. Mimi mtu wa kufa, mästare. Twende hivyo hivyo."

"Gari langu halitoki hivyo."

"Gari ni langu!"

"Nati ni zangu," nikasema. Akageukia dirishani, hakuniaga.

Nyumbani Husby nilimwekea mke wangu ile karatasi mezani. Yeye alikuwa akitunza wazee kazini, Kiswidi alikisoma darasani hadi akamaliza.

"Nisomee."

Akaitazama, akanitazama mimi. "Miwani iko wapi leo, mzee wangu?"

"Mama, usinianze."

"Miaka yote hii unasahau miwani. Na hujawahi kununua miwani!"

Akacheka, kisha akaona uso wangu, akanisomea. Jumapili tulimsihi mwenye ghala atufungulie. Mimi niligeuza rimu na kufuta kutu kwa brashi, yeye akasoma, namba baada ya namba, mikono yake myeusi kwa grisi. Tuliipata chini kabisa ya lundo. Nikatia kidole gumba kwenye kila tundu. Mviringo. Ilifungwa siku ile ile kabla ya giza.

Lakini mchana wa Jumapili hiyo, sisi tukiwa bado ghalani, yule mzee alikuwa amechukuliwa hospitali. Hakurudi.

Binti yake aliniomba niliendeshe gari nyuma ya jeneza. Nikaendesha polepole, gurudumu la nne kimya kama maji. Makaburini, pale pale alipolala mkewe, binti akanishika mkono.

"Baba alikukasirikia," akasema. "Lakini mimi nakushukuru kwa kukataa kumpakia kwenye gari bovu."

Ningeweza kuipokea ile shukrani na kwenda zangu. Nilitoa karatasi mfukoni.

"Hii alinipa siku ya kwanza. Ningeisoma, Jumapili angefika hapa akiwa hai. Sijui kusoma vizuri. Niliona haya."

Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Aliikunja, akaitia kwenye pochi yake, akafungua mlango wa mbele wa gari, akakaa pale baba yake alipotaka kukaa.

"Nirudishe nyumbani," akasema.

Kabla ya kuwasha, nilishuka nikazikagua nati zote tena, moja moja, kwa mkono.