Kikapu Uvunguni mwa Shangazi

Juzi mjukuu wangu alinitumia picha za Uskoti, huko Ulaya, visiwa na milima yenye ukungu. Anamalizia safari ndefu. "Bibi, nimechoka, nataka nyumbani." Nikaikumbuka milima ya Umatengo ya utotoni mwangu.

Mimi na mama tulikuwa tumetoka visiwa vya Ziwa Nyasa, tumezunguka kwa ndugu mpaka ndala zikakatika. Nyumba ya mwisho kabla ya kurudi Songea ilikuwa ya shangazi, mjane. Palinuka moshi na maganda ya kahawa. Viazi vya kule vitamu, lakini hamu ya kula sikuwa nayo, nachungulia barabara tu, gari lisituache. Mara nikamwona shangazi akisukuma kikapu chetu cha safari uvunguni mwa kitanda.

"Mwizi!" nikapiga kelele.

Majirani wakaja mbio na majembe. "Yuko wapi?"

Nikamnyooshea kidole shangazi. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. "We mtoto, mgeni asiyefichiwa kikapu ili asiondoke, hakupendwa!"

Mama hakucheka. Alimtazama shangazi, akafungua kanga kiunoni. "Wifi, leo tunalala."

Nililia mpaka jioni. Wanangu walipohama ndipo nilipoelewa: nyumba ile ilikuwa na viti vingi na mtu mmoja.